Povu la Majani ya Mkunazi

"Rufaida, nani kafa?"

Aliyeuliza ni Mishi, jirani wa ukuta mmoja, asubuhi ya Jumanne katika Mfungo Mosi, mwezi ufuatao Ramadhani, siku chache baada ya mvua za masika kuipiga Mambrui kwa mara ya kwanza mwaka ule. Mishi alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, kidevu juu ya ukuta, jambo alilolifanya kila siku na kulikana kila siku. Alichokiona upande wa pili kilimtosha kuuliza. Jirani yake amekaa juu ya kibago uani, kichwa wazi, kinu mbele yake, na ndani ya kinu yanatwangwa majani mabichi ya mkunazi.

Majani ya mkunazi hayatwangwi kwa mchezo. Mambrui kila mtu aijua kazi yake: hupondwa, yakakorogwa kwenye maji, na kwa maji hayo akaoshwa maiti, upande wa kulia kwanza, mara tatu, na mwisho maji yakatiwa kafuri. Na Rufaida ndiye aliyekuwa muosha maiti wa wanawake wa mtaa ule, mwaka wa ishirini na mbili sasa, tangu mama mkwe wake alipomwachia kazi hiyo. Hakulipwa wala hakutaka kulipwa. Thawabu yake aliitaraji kwa Mungu, na riziki yake aliitafuta kwa kupika mikate ya kumimina na kuipeleka dukani.

Sasa, Rufaida alikuwa ana pini tatu za nywele mdomoni. Hakuweza kujibu. Akainua kidole kimoja, kile cha shahada, maana yake, ngoja kidogo.

Mishi hakungoja. Majani ya mkunazi, na kidole cha shahada juu yake, mtu atake ushahidi gani tena? "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!" akalia, na kichwa chake kikatoweka ukutani. Ndoo ikasikika ikibingirika.

Rufaida akazitoa pini. "Mishi! We Mishi!" Hakuna aliyeitika. Akatikisa kichwa, akacheka peke yake, akaendelea kutwanga, kwa sababu siku ile alikuwa na jambo lililomshughulisha kuliko Mishi.

Jambo lenyewe lilianza mwezi wa Ramadhani, alipoitwa kumwosha bibi mmoja wa miaka themanini na ushei. Bibi yule alikuwa na nywele kavu kama makumbi ya nazi. Rufaida alizipitishia maji ya mkunazi, akazisuuza, akashika kitana azifunge mafungu matatu kama ipasavyo. Kitana kikateremka chenyewe. Nywele zimelainika, zang'aa, zateleza kidoleni kama nyuzi za hariri. Alikuwa ameliona hilo mara nyingi, lakini siku hiyo ndiyo mara ya kwanza lilipomgonga. Huyu bibi, akawaza, kaishi miaka yote hii akilalamikia nywele zake, na dawa yake ilikuwa yamngoja afe ndiyo apakwe?

Tangu hapo hakutulia. Kwenye darsa ya wanawake alimuuliza ustadhi, kwa haya, uso chini, kama aliye hai amekatazwa kuogea mkunazi. Ustadhi akamwambia hajakatazwa, tena wanawake wa zamani walikuwa wakikoshea vichwa vyao. Basi Rufaida akangoja mfungo uishe. Idi ikapita, mvua ikanyesha siku tatu, na mkunazi wa nyuma ya jiko, uliokuwa miba mitupu tangu kaskazi, ukatoa majani machanga, yang'aa upande mmoja na meupe upande wa pili kana kwamba yamenyunyiziwa unga. Mtu ataweza kuvumilia mpaka lini?

Akayakoroga majani yake kwenye bakuli, akainama, akajimiminia. Povu likaja! Povu jepesi, la kijani, lenye harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi. Akafumba macho, akalisikilizia likimshuka shingoni. Alikuwa katika hali hiyo aliposikia mlango wake ukifunguliwa, na sauti za watu wengi.

Walikuwa wanawake kumi na mmoja. Wamejitanda mabuibui na leso, mmoja ana kilo mbili za sukari, mwingine kabeba sufuria kubwa la kupikia watu. Nyuma yao, nje ya mlango, mzee wa msikitini akauliza kwa upole kama jeneza liletwe sasa au baada ya adhuhuri.

Wakamkuta Rufaida amesimama katikati ya uwa, kichwa kizima kijani, maji yamtiririka.

"Mwenye nyumba huyu hapa," akasema mmoja. "Sasa maiti yuko wapi?"

"Maiti gani?"

"Wa Mishi!"

"Si wangu!" Mishi akaruka. "Mimi nimemuuliza, akanionyesha shahada!"

"Nilikuwa na pini mdomoni, mwanamke wewe."

Kicheko kikapasuka. Aliyeleta sukari akasema yeye hairudishi nyumbani, na ichemshwe chai hapo hapo. Lakini kicheko cha Mambrui kina miba ndani yake. Mwanamke mmoja mtu mzima akajivuta nyuma asiguswe na maji yale, akasema, "Bi Rufaida, wewe ni mtu wa dini, nakuheshimu. Lakini mtu mzima kujipaka vitu vya maiti! Wajitia uchuro. Kifo hakichezewi."

"Si vya maiti, dada. Ni majani ya mti."

"Majani ya mti gani? Sema."

Rufaida akajipangusa maji usoni. Aliyajua maneno hayo tangu hajayasikia. Watu wa mtaa walimpenda, walimtanguliza kwa salamu, vijana walimbusu mkono. Lakini katika miaka ishirini na miwili hakuna harusi hata moja aliyoitwa kumsinga bibi harusi kwa manukato, wala mtoto mchanga aliyewekwa mikononi mwake bila mama yake kusitasita kidogo. Mikono yake walikuwa wameiwekea kazi moja.

Hapo ndipo tuktuk iliposimama nje kwa kishindo, na Sahla akaingia mbio.

Sahla ni binti yake wa pekee, mwalimu wa chekechea Malindi, mke wa Mahir. Ujumbe ulikuwa umemfikia kwenye simu, kwenye kundi la mtaa: msiba nyumbani kwa Bi Rufaida, habari zaidi zitafuata. Alimpigia mama yake mara tisa. Simu ilikuwa chumbani, chini ya mto, na mwenyewe yumo povuni. Kutoka Malindi mpaka Mambrui Sahla alilia njia nzima, na dereva naye kwa huruma akasahau kumdai.

"Mama!" Akamrukia, akamkumbatia, majani na maji na yote. "Mama, wewe mzima? Mama!"

"Mzima, mwanangu, mzima. Ni Mishi tu."

Katika kukumbatiana kule mtandio wa Sahla ukateleza ukaanguka. Juu ya paji, kuanzia sikio hata sikio, kichwa cha Sahla kilikuwa hakina nywele. Ngozi ilikuwa nyekundu, mahali pengine ina vidonda vilivyoanza kukauka, na zilizobaki utosini zilikuwa chache, zimekatika kama nyasi zilizoliwa na mbuzi.

Sahla akajifunika upesi. Mishi, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, hakuuliza kitu. Akawasukuma wenzake nje mmoja mmoja, "Twendeni, twendeni, chai mtakunywa kwangu," akaufunga mlango mwenyewe.

Ilikuwa ni dawa ya kulainisha nywele. Alitiwa kwenye saluni moja kabla ya Idi, dawa ikaachwa kichwani kupita kiasi huku msusi akihudumia wengine. Zahanati walimpa marhamu. Alikuwa amemficha mama yake wiki tatu, akimwambia kwa simu kwamba haji kwa sababu ya kazi. Sasa shule zimefungwa, kisingizio kimekwisha.

"Mahir alisema nije nipumzike kwako likizo hii," Sahla akasema. "Nikaona haya."

"Haya ya nini, na mimi ndiye niliyekuzaa na kichwa kitupu?"

Sahla akacheka kidogo, machozi bado yamo.

Alasiri ile mama akamwekea mkeka barazani, akamtia chai ya mchaichai, akakichunguza kichwa bila kukigusa. Vidonda vikifunga, akasema, atamkosha kwa majani ya mkunazi. Sahla akaweka kikombe chini.

"Mama, nifanyie utakalo. Nipake nazi, nipake shubiri. Hayo hapana."

"Yamekukosea nini?"

"Wajua darasa la tatu walikuwa wakiniita nani? Binti Kafuri. Hakuna aliyetaka kukaa dawati moja nami. Wakisema nanuka kaburi. Nikirudi nyumbani wewe wataka kunisuka, na mimi nikiiona mikono yako..." Akasita. "Sisemi kwa ubaya, mama. Lakini mpaka leo, ukinigusa kichwa, nasikia kafuri."

Rufaida akaitazama mikono yake, akaiweka mapajani. Kisha akasema mvua yaja, akaenda kuanua nguo.

Likizo ilikuwa ya wiki tatu. Aliyemtazama Rufaida siku zile angedhani ni mwanamke aliyeshughulishwa na nyumba yake tu. Lakini yeye alikuwa na haja moja, akiiombea kila baada ya sala: kwamba kabla ya likizo kwisha, mwanawe ampe kichwa chake kwa hiari yake.

Hakumsukuma. Alimtunza kwa kilichokubalika. Alfajiri, baada ya kuswali, alifungua madirisha yote upepo wa kusi uingie, maana nyumba ikifungwa masika hushika ukungu na watu wake huinama roho. Jua likichomoza baina ya mvua na mvua, magodoro yalitoka nje. Magharibi alifukiza majani makavu ya mwarobaini kwenye chetezo ili mbu waondoke, kisha akafukiza udi kidogo ili mwarobaini uondoke. Alikuna nazi, akalichemsha tui mpaka likatoa mafuta, akayaweka kwenye chupa, na Sahla akajipaka mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kioo. Mrihani wa mlangoni ulikuwa umechangamka kwa mvua, na kila aliyepita akiugusa kwa nguo aliingia ndani ananukia. Sahla alilala usingizi mwingi. Rangi ikamrudi usoni.

Na pembeni, nyuma ya jiko, Rufaida aliendelea na uchunguzi wake.

Kulikuwa na jambo lililomtatiza. Siku ile ya msiba usio na maiti povu lilikuja tele. Siku ya pili yake akajaribu tena, likaja haba. Siku ya tatu halikuja kabisa. Majani ni yale yale, kinu ni kile kile. Akadhani ni tawi. Akachuma ya juu, akachuma ya chini. Akadhani ni saa. Akachuma asubuhi yakiwa na umande, akachuma baada ya laasiri. Akajiuliza kama siku ile alisahau bismillahi, akarudia kwa bismillahi ya sauti kubwa hata Mishi akaitikia ng'ambo ya ukuta. Wapi! Maji ya kijani, baridi, kimya, kama mchuzi wa mboga.

"Mbona kwa maiti latoka kila mara?" akajiuliza. "Ama kweli ni yao?"

Wazo hilo lilimtia unyonge. Huenda yule dada mtu mzima amesema kweli.

Alikuwa ameinamia bakuli lake hivyo hivyo wakati Kadii alipobisha hodi. Kadii alizaliwa Ganda, akaolewa mashamba ya nyuma ya Mambrui, na wakati wa masika hupita na ungo wa mchicha na mnavu nyumba kwa nyumba. Ni mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, Kadii. Leo una nini?"

"Mchicha wa mvua, mama, laini, hautaki hata meno. Na hayo unampikia nani?"

"Sipiki. Ni ya kukoshea kichwa."

Kadii akachungulia. "Si mkunazi huu? Hee! Kwetu sisi huu tunakula kunazi, majani tunawapa mbuzi. Sijaona mbuzi wangu mwenye nywele mbaya, kusema kweli." Akatua ungo, akavua kitambaa chake. "Basi nioshe mimi. Kichwa changu kina vumbi la shamba tangu juzi."

Rufaida akamtazama. "Kadii, wajua mimi kazi yangu?"

"Kuosha waliokufa. Kila mtu anajua. Sasa?" Akakaa kwenye kibago, akainamisha shingo. "Kama unawaosha vizuri wasioweza kusema asante, mimi ninayeweza utaniosha vibaya?"

Basi Rufaida akapandisha mikono ya kanzu yake. Vidole vyake vikaanza kazi kama vilivyozoea, kulia kwanza, kisha kushoto, taratibu. Vikashtuka. Kichwa cha aliye hai kina joto! Kinasukuma mkono, kinageuka kinapokunwa mahali pazuri, na kinaongea bila kukoma.

"Mama, mbona unaniosha kama kikombe cha mgeni? Nikune kwa nguvu! Hapo. Hapo hapo. Hee, Mulungu wangu." Kisha akatema mate pembeni. "Maji haya mbona yana chumvi hivi?"

"Ni ya kisima chetu. Mambrui yote ndiyo haya."

"Na lile pipa lililojaa pale chini ya mabati umemwekea nani? Sisi shambani hatuogi ya kisima na mvua inanyesha. Sabuni yenyewe haitoi povu kwa chumvi, seuze majani!"

Rufaida akasimama, mikono yadondoka maji. Akalitazama pipa. Siku ile ya kwanza alikuwa ameteka pipani, kwa sababu kamba ya kisima ilikuwa imekatika. Siku ya pili, kamba imekwisha fungwa, akachanganya. Siku ya tatu akateka kisimani pekee. Na maiti? Maiti huoshwa kwa maji ya birika la msikiti, na birika la msikiti lakusanya mvua ya paa zima.

Akalisogelea pipa. Akateka kata moja ya maji ya pipa, akakoroga majani mapya, akapiga kwa mkono. Povu likainuka likavuka ukingo wa bakuli.

"Allahu akbar," akasema polepole, kama aliyefunguliwa mlango. Halafu akacheka, na Kadii akacheka pia bila kujua wanachekea nini, povu lamshukia puani. Pazia la chumbani likatikisika. Sahla alikuwa dirishani muda wote.

Kadii aliporudi Jumatatu, hakubisha hodi hata mara mbili. "Mama! Kanisani jana jirani yangu Janet aliniuliza nimepaka nini. Nikamwambia chakula cha mbuzi. Hakuamini!" Akavua kitambaa. Nywele zake zilikuwa zimelainika, zimetulia. Mishi alikuwa tayari yuko juu ya ndoo yake, na siku hiyo hiyo adhuhuri, watu wakiwa wamejifungia na joto, aliingia kwa mlango wa nyuma, kajifunika gubigubi.

"Rufaida, kichwa chaniwasha. Lakini usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, na wewe ndiye msema yote?"

Sahla alikuwa amekaa karibu, akichambua mchele. Aliona mama yake akimwosha Mishi. Aliona Mishi akifumba macho, mdomo wake ukitulia, na hilo pekee lilikuwa muujiza. Alipoondoka, Sahla akauliza, macho kwenye mchele:

"Mama, yale maji ya kisima... Malindi nyumbani kwangu pia ni ya chumvi. Nilikuwa nikijiosha nayo vidonda. Yalikuwa yakiniuma mpaka nalia."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na Mishi kaniambia walipoyatukana majani yako, hukujitetea. Ulikuwa wangojea nini?"

"Sikuwa nikijua. Asiyejua hungoja, akachunguza."

Siku mbili zikapita. Vidonda vilikuwa vimefunga, ngozi imekuwa laini na nyeupe nyeupe kama ya mtoto. Alhamisi, baada ya laasiri, Rufaida alikuwa ameteka maji ya pipa ili aoshee vyombo vya udongo, na aligeuka akamkuta Sahla amekaa kwenye kibago. Hana mtandio. Mgongo wake umenyooka kama mtu anayengoja kudungwa sindano.

"Lakini kafuri usitie," akasema.

"Kafuri ni ya mwisho, mwanangu. Wewe hujafika mwisho."

"Na usinioshe mara tatu. Na usianze upande wa kulia. Nimekuona ukiwaosha wakina Kadii, waanza upande wa kulia kama..." Hakumaliza.

Rufaida katika maisha yake hajapata kuvaa hata kiatu kwa kuanza na mguu wa kushoto. Akashusha pumzi, akasema bismillahi moyoni, na akaanza kushoto. Akaosha mara nne. Alipitisha vidole pale palipokuwa uchi, kwa uzito wa unyoya, na akahisi mabega ya mwanawe yakishuka kidogo kidogo, kama mkate unapotolewa motoni. Tone moja la mvua likaanguka, likafuatwa na jingine, na wao hawakuinuka.

"Mama," Sahla akasema mwisho. "Wanuka majani tu."

Kuanzia siku hiyo walikosha siku moja, wakapumzika mbili. Rufaida hakumwambia mtu kwamba mkunazi umeponya. Huenda ni marhamu ya zahanati, akasema, huenda ni usingizi, huenda ni kuepukana na chumvi na dawa kali. Mponyaji ni Mungu, na sisi twatafuta njia. Lakini katika wiki ya mwisho Sahla alimwita mama yake kwenye mwanga wa mlango, akamshika mkono, akauweka mwenyewe juu ya paji lake. Kulikuwa na kitu hapo. Kidogo, laini, kama manyoya ya kifaranga.

Mtaani nako mambo yalijigeuza, nusu nusu. Wawili watatu walikuja, kila mmoja kwa mlango wa nyuma, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Yule dada mtu mzima hakuja. Alipokutana na Rufaida njiani alisema, "Mimi nitangoja siku yangu," na Rufaida akamjibu, "Inshallah iwe mbali," na wote wawili walimaanisha.

Siku ya mwisho ya likizo Sahla alifunga mzigo wake. Mama alikuwa amekausha majani kivulini, akayasaga, akayajaza kwenye kopo la biskuti. Sahla akalipokea kwa shukrani, lakini akalitia kwanza ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, kisha ndani ya mfuko wa pili. Rufaida aliona. Alikuwa ameona pia, katika siku zote hizo, kwamba mwanawe alitoa kichwa lakini hakutoa mkono. Hakuwahi kuchuma jani hata moja, wala kushika mchi, wala kugusa bakuli. Maji yakimdondokea kidoleni alikuwa akijipangusa kwa leso upesi upesi, bila kujijua.

Na Malindi, nani atamwosha? Mikono ya Rufaida haitakuwapo. Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo Rufaida alilijua asubuhi ile tu, alipokuwa akichana nywele zake mwenyewe zenye mvi, akashangaa asilione mapema. Tangu mama yake mzazi afariki, hakuna mtu aliyewahi kumshika yeye kichwa.

Tuktuk ilikuwa ije saa kumi. Ilikuwa bado saa moja nzima. Akakiweka kibago chini ya ukingo wa mabati, akateka maji ya pipa, akaliweka bakuli na majani mabichi kando yake. Akavua ushungi wake, akaukunja, akauweka mapajani, na akakaa.

Sahla akatokea mlangoni na begi lake begani. Akasimama.

"Wafanya nini, mama?"

"Sahla, mwanangu," akasema Rufaida, "nikoshe kichwa na mimi."